Mahali pa Uzi Kukatika

Maji yalipofika kwenye kizingiti cha jikoni, Mugure alikuwa bado anapalilia sukuma wiki. Majirani wa mtaa ule wa kando ya Ziwa Naivasha walimpita wakisukuma mikokoteni iliyojaa magodoro na masufuria, wakamwangalia, wakadhani akili imemruka. Haikuwa imemruka. Alikuwa ameishi kwenye ploti ile miaka kumi na tisa, ameliona ziwa likipanda na kushuka, na aliamini hata safari hii litarudi lilikotoka. Halikurudi. Miezi minne baadaye, aliyetaka kwenda kwa Mugure ilibidi apande mashua, na akifika angeona tu nguzo ya stima iliyoinama na migunga miwili iliyokufa ikiwa imesimama.

Mumewe, Muturi, alipanda Molo kwa kaka yake, kwenye baridi na viazi, akamwambia amfuate. Mugure alisema atakuja. Kisha akapanga chumba kimoja kule juu karibu na barabara kuu, wiki zikapita, na neno "nitakuja" likaanza kuchakaa. Binti yao Lynn, aliyekuwa akisomea uuguzi Nakuru, alimpigia simu mmoja halafu mwingine, akipeleka maneno ya huku kule na kuyapunguza makali njiani.

Kilichomzuia Mugure ni jambo alilolisikia asubuhi moja alipokwenda ufuoni kununua samaki. Wavuvi walikuwa wakishona nyavu zilizoraruka na kulaani ile nguzo iliyoinama. Pale chini, walisema, pamejaa nyaya na mabati, kila wavu unaoshuka unapanda vipande vipande, na sasa hakuna anayetega tena. Mmoja akaongeza kwamba kambare wa pale ni wakubwa kama mapaja, basi tu hawashikiki.

Mugure alirudi chumbani akiwaza. Nyaya zile alizijua. Zilikuwa nyaya tano za miiba za fensi yao, na yeye ndiye aliyezishika upande mmoja Muturi alipokuwa akizikaza upande wa pili. Alijua nguzo za mwerezi zilipochimbiwa, alijua shimo la mboji lilikuwa hatua ngapi kutoka jikoni, alijua udongo ulikuwa laini wapi. Samaki hukaa pale wasiposumbuliwa, na pale hakuna wa kuwasumbua. Nyavu ziliposhindwa, ndoano moja mkononi mwa mtu anayejua njia ingepita. Shamba lile alilitolea jasho miaka kumi na tisa. Hakuona sababu ya kuliacha likae bure, eti kwa kuwa liko chini ya maji.

Mtu aliyekubali kumsikiliza ni Joash Omolo, mzee wa miaka sitini na minane, mtoto wa mfanyakazi wa reli ambaye hakuipenda reli na akaishia ziwani tangu ujana. Alikuwa na mashua, kibali cha kuvua na maradhi ya viungo: vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Kasia aliweza kulishika, lakini kufunga ndoano kulikwisha kumshinda. Walikubaliana haraka. Yeye angepiga makasia, Mugure angevua, samaki wangegawana. Mzee alimpeleka pia kwa viongozi wa ufuo aandikishwe, na kibali kilipotoka kikiwa na jina lake, Mugure alikisoma mara mbili.

Mwanzo alivua kwa mshipi wa nailoni aliouzungushia chupa ya soda ya plastiki. Nailoni ile ilikuwa kuukuu, ikikatika popote ilipotaka, na kila mara ilipokatika ilimpokonya urefu wa mita kumi au ishirini. Ndipo akaenda mjini kutafuta uzi wa kusokotwa. Muuzaji alimwonyesha: nyuzi nyembamba nne zilizosukwa pamoja kama nywele, unene wake wote hauzidi uzi wa kushonea nguo, lakini unabeba kilo ishirini. Mugure aliuvuta kwa mikono yote miwili, haukunyumbuka hata kidogo. Akaridhika. Akafunga ndoano moja kwa moja mwishoni mwake.

Siku ya kwanza ya kuutumia, ndoano ilinasa kwenye fensi. Mugure akavuta, haikutoka. Akauzungusha uzi kwenye kiganja cha kulia ili apate nguvu, na wakati huohuo upepo wa saa tano ukainuka na kuisukuma mashua nyuma. Fensi haikuachia. Ndoano haikunyooka. Uzi haukukatika. Kilichokatika ni kiganja chake. Uzi ulizama kwenye nyama taratibu, kama kisu kwenye siagi, na upande wake wa mashua ukaanza kuinamia maji. Joash aliacha makasia, akatambaa na kisu cha kuparia samaki, akaukata uzi karibu na mkono. Mita arobaini zilibaki kule chini. Kwenye kliniki alishonwa nyuzi saba.

Mtu mwingine angepanda gari la Molo jioni ileile. Mugure alikaa siku mbili chumbani, siku ya tatu akaenda kwa mzee akiwa na mkono uliofungwa bendeji nyeupe, akamuuliza alikosea wapi.

 Joash alimtengea kigoda mbele ya nyumba yake, akamtilia chai, kisha akasema, "Mama Lynn, wewe umefanya kila mahali kuwe na nguvu. Uzi usio na mahali pa kukatika utakukata wewe."

Akamweleza. Uzi wa kusokotwa ni mzuri kwa sababu hauvutiki: samaki akigusa chambo tu, kidole kinajua. Lakini uzi huo usifike kwenye ndoano. Mwishoni mwake kinaungwa kipande cha nailoni chenye urefu wa pima moja, chepesi kuliko uzi wenyewe. Wavuvi wanakiita lida. Samaki hakioni vizuri majini, hiyo ni faida moja. Faida kubwa ni kwamba ndoano ikinasa na ukivuta, lida ndiyo inayokatika. Unapoteza ndoano na kipande kifupi, uzi wako wote unarudi mkononi. Kama uzi unabeba kilo ishirini, lida ibebe nane.

"Na samaki wa kilo tisa?" Mugure aliuliza.

"Huyo humvuti. Huyo unamchosha."

Kazi ilikuwa kuziunga. Uzi wa kusokotwa unateleza, na fundo la kawaida linafunguka lenyewe kama kamba ya kiatu cha mtoto. Joash alilijua fundo linalofaa lakini vidole vyake havikuweza tena kulionyesha, kwa hiyo alilisema. Laza ncha mbili zielekeane. Uzi wa kusokotwa ufanyie kitanzi, uuzungushe ndani yake mara nane ukizifunga ncha zote mbili pamoja. Nailoni nayo ifanyie hivyo, lakini mara tano, kwa sababu yenyewe ni nene. Lowesha kwa mate. Kisha vuta polepole mpaka mafundo mawili yakutane na kukaa shavu kwa shavu.

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya kulia vilivyoweza kutoka nje ya bendeji, ilimchukua siku tisa. Alifunga asubuhi, akafunga akingoja maharagwe yaive. Kila fundo alilitundika kwenye msumari wa mlango na kulivuta, na kila lilipoteleza alilitupa na kuanza upya. Siku ya kumi nailoni ilikatika katikati na fundo likabaki. Aliliangalia muda mrefu, halafu akafunga jingine ili ahakikishe kwamba la kwanza halikuwa bahati.

Lynn alikuwa ameisikia habari ya mkono na, kwa mara ya kwanza, hakupunguza makali. Ijumaa hiyo Muturi alishuka kutoka Molo na gunia dogo la viazi. Aliutazama mkono, akavua kofia ya baridi aliyokuwa ameisahau kichwani, akasema chumba cha kule kiko tayari, amekipiga hata rangi, na ziwa si la kugombana nalo. Hakufoka. Muturi hakuwa mtu wa kufoka. Tangu siku aliyong'oa mlango wa nyumba yao na kuubeba kwenye mkokoteni, hakuwahi kusimama mahali ambapo angeweza kuyaona maji yale.

Mugure alimkaangia viazi vyake mwenyewe, akamngoja ashibe.

"Baba Lynn, kesho twende na mimi mara moja tu," alisema. "Ukirudi ukiniambia twende Molo, nitakusikiliza."

Muturi alikubali kwa sababu hakuona namna ya kukataa.

Waliondoka saa mbili asubuhi, Joash kwenye makasia, Muturi katikati akiwa amevaa jaketi la kuelea na kushika ubao wa kukalia kwa mikono yote miwili, Mugure mbele. Alivaa glavu zake za zamani za kukatia maua ya waridi, za tangu alipokuwa kibarua kwenye shamba la maua. Hakuelekeza kwa ramani. Alipanga nguzo ya stima na mgunga wa kushoto viwe kwenye mstari mmoja, akamwambia mzee aende hatua kumi zaidi, kana kwamba wanatembea.

"Hapa ni jikoni," alisema.

Muturi aliangalia chini. Maji yalikuwa ya kijani, hayakuonyesha kitu. Aliachia ubao kwa mkono mmoja.

Mugure alitia matumbo ya kuku kwenye ndoano na kushusha pale ambapo mboji ilikuwa. Ndoano ya kwanza ilinasa. Alijua mara moja kwamba ni waya, kwa sababu samaki hutetema na waya hunyamaza. Alikuwa bado anafikiri aivute kutoka upande gani, Joash alipotoa sauti ndogo kooni na kuonyesha kwa kidevu.

Kiboko alikuwa amechomoza kando ya migunga, karibu kuliko nguzo. Masikio, macho, mgongo. Akapumua, akazama, na mstari wa mapovu ukaanza kuja upande wao.

"Shikeni," Joash alisema, akaingiza makasia majini.

Mashua iliruka mbele, kisha ikasita, ikazunguka pua. Ilikuwa imefungwa kwenye fensi kwa uzi. Muturi alinyoosha mkono aushike avute, na Mugure akaupiga mkono ule kwa kiwiko. Aliuzungusha uzi mara mbili kwenye kigingi cha kasia la akiba, akauachia mwili wake uketi chini, akamwambia mzee apige kwa nguvu zote. Joash akapiga. Uzi ukalia kama kamba ya zeze. Halafu kule chini kitu kikakatika, bila kelele, na mashua ikaenda.

Kiboko aliinuka pale walipokuwa, akafungua kinywa, akakifunga. Hakuwafuata. Walisimama mbali, wote watatu wakihema. Mugure akaanza kuzungusha uzi kwenye chupa, mita baada ya mita, mpaka ncha ikafika mkononi. Uzi wote ulikuwepo. Kilichokosekana ni ndoano na nailoni fupi.

Muturi alisema basi, inatosha, warudi. Mugure aliangalia kiboko, ambaye sasa alikuwa akielekea kwenye matete upande wa pili, akaangalia jua. Akatoa lida nyingine mfukoni.

"Akishafika kwenye matete tutazunguka upande wa choo," alisema. "Kule hakuna waya."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa ule mshtuko na ncha zilimponyoka mara mbili. Muturi alimtazama akijaribu mara ya tatu. Kisha alisogea juu ya ubao, kwa makalio, polepole kama mtu anayepita juu ya mayai, akazishika zile ncha mbili kati ya vidole vyake vinene vya mkulima, asizitikise, mpaka mkewe akamaliza kuzungusha. Alipoambiwa aloweshe kwa mate, alilowesha.

Samaki alikuja karibu na saa nne. Hakuvuta kwa ghafla. Aliondoka tu na chambo kama mtu anayeondoka na mwavuli wa mwenzake. Mugure alimpa uzi. Samaki alipogeuka, Mugure akauchukua uzi ule kidogo; alipokasirika, akampa tena. Mara nne lida ilikaza mpaka akaisikia ikiimba kwenye glavu, na mara nne alifungua vidole kabla haijafika mwisho wake. Muturi alisahau kuushika ubao. Alikuwa akinong'ona kwa Kikuyu, akimwambia mkewe apunguze, aongeze, apunguze, na Mugure hakumsikiliza hata kidogo. Ilichukua muda wa mtu kuchemsha mahindi. Mwishowe kambare alilala ubavu kando ya mashua, ndevu zake zikielea, na Joash akamwingiza kwa wavu wa mkono.

Ufuoni kambare alipimwa: kilo kumi na nusu. Wavuvi walikuja kumtazama, halafu wakaiangalia ile sehemu ambapo uzi na nailoni vilikutana, fundo dogo kama punje ya mtama, wakauliza nani alilifunga.

 Jioni, Muturi alipomaliza kula, alisema viazi vya Molo havitangoja, lazima avivune na kaka yake, na kwamba baada ya hapo hajui. Mugure alimwambia kutojua kunatosha kwa sasa. Jumatatu akampeleka stejini kupanda gari, na nusu ya kambare ikiwa imekaushwa kwa moshi na kufungwa kwenye gazeti.

Mavuno yalipokwisha, Muturi alirudi. Walikodisha robo eka juu kabisa, upande wa mlima, mahali ambapo hata ziwa likichukia dunia nzima halitafika, na akapanda sukuma na vitunguu. Mugure anaenda majini siku nne kwa wiki. Mzee Joash bado anapiga makasia, na wavuvi wanne sasa wamejifunza fundo kutoka kwa mama huyo, ingawa mmoja hulizungusha kinyume na lake huteleza. Kovu la kiganja humuuma siku za mvua. Muturi huja ufuoni kuwapokea na beseni. Mashua hajaipanda tena, na amesema waziwazi kwamba hataipanda.