Viti vya Kilio cha Jeannine

Viti vilitosha. Waliokosekana ni watu wa kuvikalia. Otieno, nesi Mkenya asiyejua lolote la Bukavu, alikuwa amevileta kwa gari lake kutoka ukumbi wa kanisa kule Digbeth, akavipanga sebuleni kwa Pasta Norbert, Castle Vale, Birmingham, mpaka pa kupitisha mguu pakakosekana. Akakaa kidogo, akaitazama picha ya marehemu juu ya televisheni, kisha akatazama saa.

"Watakuja tu, Pastor. Unajua jam ya Saturday. Mimi niko na shift, lakini kesho nitapitia."

Otieno ana moyo safi, na moyo wake huo humficha mengi. Hakukuwa na jam yoyote. Wakongomani wa Birmingham hukodi basi kwenda London kumlilia mtu ambaye hawajawahi kumwona, lakini Jeannine, mke wa Norbert, alikuwa amefariki juzi na hata simu haikulia.

Sababu waliijua wote isipokuwa Otieno. Wakati wa vita, waasi walipoushika mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, gavana wao, Makungu, alitaka mtu wa Mungu ambariki mbele ya kamera. Akina mama nao walitaka mtu wa kuwaombea watoto wao waliofungwa. Norbert akayafanya yote mawili. Alikunywa chai ya gavana, akamwekea mkono kichwani siku ya kuapishwa, na kila alipotoka ikulu ndogo ile alitoka na wafungwa wawili watatu. Waliorudishiwa watoto walimshukuru chinichini. Waliokosa hawakuisahau ile picha ya televisheni. Amani ilipokuja, gavana akapewa uwaziri Kinshasa, pasta akaambulia ukimbizi. Kanisani huku Birmingham walikaa benchi lao, yeye na Jeannine peke yao, wengine wakabanana nyuma.

Sasa alikuwa mpweke kabisa, na hakuna namna nzuri ya kulisema hilo. "Mmoja tu, Bwana," aliomba. "Mmoja akae nami."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Marie-Claire wa Alum Rock, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mikononi. Mdogo wake, Aganze, hakutoka katika gereza la Makungu. Tangu afike Uingereza hakuwahi kumpa Norbert mkono.

"Nimekuya juu ya Jeannine," alisema. "Hapana juu yako."

"Karibu, mama. Karibu sana." Machozi yalimtoka Norbert kwa shukrani, akamwekea kiti karibu na cha kwake. Marie-Claire akakaa.

Ndipo simu ilipolia. Norbert aliisikia sauti, na kabla hajafikiri akasimama wima, mkono mmoja ukafunga kifungo cha koti.

"Ndiyo, Excellence. Asante, Excellence."

Nani husimama kwa ajili ya simu nyumbani kwake? Marie-Claire alijua Excellence huyo ni Makungu tu; aliinuka, akainyang'anya.

"Mimi ni dada ya Aganze. Mulimuzikaka wapi?"

Sauti ya waziri ikasikika hadi kwa Norbert, tulivu, ya mtu mwenye adabu zake. "Madame, pole. Muulize pasta. Yeye ndiye alimuombea pale kaburini."

Simu ikakatika.

"Nyuma ya tanuri la matofali, njia ya Ruzizi," Norbert alisema. "Alinipeleka usiku, kwa sharti ninyamaze. Kulikuwa na wengine bado ndani. Wakaachiliwa."

"Vita ikaisha."

"Iliisha."

"Na ulikuwa unaniona kila dimanche kanisani, pasta."

Norbert akakifungua kile kifungo cha koti.

"Jeannine alijuaka?"

"Hapana. Sikumwambia."

Marie-Claire aliitazama ile picha. Norbert alijua sasa ataondoka na sufuria yake, na angekuwa na haki. Hakuondoka. Alikishika kiti chake, akakivuta mbali na cha pasta, akakigeuza kuelekea picha, akakaa, akampa mgongo. Kisha akaangua kilio, kile kikubwa cha nyumbani, akimwita Jeannine, akimwita Aganze, Jeannine, Aganze, mpaka jirani Mwingereza akafungua dirisha.

Norbert alisogea apate kukaa.

"Hapana," alisema Marie-Claire bila kugeuka.

Basi akabaki amesimama kati ya viti vyote vile.