Mama Asiguse Ufagio

Watoto wa Bi Jumwa wanampenda mama yao, sikatai. Wamempenda mpaka hawezi kusimama. Mimi ni Nafula, mkaza mwana wake, mtu wa bara niliyeolewa hapa Waa, na ndimi ninayebaki naye nyumbani mume wangu Chengo akiwa Mackinnon Road kwenye kazi yake ya malori.

Magoti yalianza kumuuma zamani, lakini mwaka huu yalikataa kabisa kukunjuka. Nikampeleka hospitali. Alipokelewa na dada wa mazoezi ya viungo, Hanifa, aliyemwamkia shikamoo, akampapasa magoti, kisha akamuuliza anataka nini hasa.

"Nataka niende chooni peke yangu, mwanangu," mavyaa alisema. "Hilo tu. Mengine nimemwachia Mungu."

Hanifa alieleza kwamba gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa, limelika na halitarudi. Lakini misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti litapunguziwa mzigo. Dawa yake ilikuwa kuinuka kitini bila kujishikilia, kutembea kila siku, na kutowaachia watu kazi ndogondogo za nyumbani.

"Yatauma kidogo, Bi Jumwa," alisema. "Maumivu hayo yasikutishe. Kukaa tu ndiko kutakakokuharibu."

Tukaanza. Siku za mwanzo alinitukana kwa Kiduruma, nami nikamjibu kwa Kibukusu, tukacheka sote. Aliinuka akiguna, akaketi, akainuka tena. Baadaye akawa anafagia uwanja asubuhi, polepole, nami nimesimama karibu na mikono nimeifunga nyuma nisije nikamsaidia. Siku moja nikatoka jikoni nikakuta kiti kitupu. Alikuwa anatoka chooni na mkongojo wake, uso unameremeta. Nililia, sioni haya kusema.

Furaha yetu haikudumu. Wifi yangu Mercy, dada mkubwa wa Chengo anayeishi Ukunda, alikuja bila taarifa pamoja na wanawake wa kanisani kwake. Wakamkuta mama mzee ameshika ufagio, jasho linamtoka, na mkaza mwana amesimama anamtazama. Ungeziona nyuso zao. Nilieleza habari za Hanifa, nikaeleza tena. Mercy alimpokonya mama ufagio taratibu, machozi yakimlengalenga, akamketisha.

Jumapili kikawekwa kikao. Husemwa kuwa penye wazee haliharibiki neno. Mimi nililiona likiharibika, wazee wakiwa wamejaa ukumbini.

"Huko kwenu bara huenda wazee wanafanyishwa kazi," Mercy alisema kwa adabu zote. "Hapa kwetu, mama akishapata mkaza mwana, hagusi ufagio. Watu watasema hatuna haya."

"Ni dawa, wifi. Mwulizeni yule dada wa hospitali."

"Dawa gani hiyo ya kumtoa mzee jasho?"

Nilimtegemea Chengo. Kila jioni nilikuwa nikimsimulia maendeleo ya mama yake, naye akifurahi. Lakini siku hiyo simu ilikuwa imeongezwa sauti, na ukoo mzima unasikiliza.

"Mama amelima vya kutosha," alisema. "Apumzike."

Nikamgeukia mavyaa. Neno lake moja lingetosha. Lakini akisema anautaka ufagio, ni sawa na kutangaza kwamba wanawe wameshindwa kumtunza. Aliitazama mikono yake.

"Wanangu wamenena," alisema. "Nawashukuru."

Hanifa alimpigia Chengo simu mwenyewe. Alijibiwa vizuri sana, akashukuriwa, akaombewa heri, na hapakubadilika kitu. Mercy akahamia kwetu ili kulinda pumziko la mama. Nikisema angalau tumwinue kidogo asimame, ananiuliza kama nimechoka kumtunza. Hasira zinanipanda, nazimeza, maana kila neno langu linageuka kuwa uvivu wa mkaza mwana.

Sasa mapaja yake yamenywea na magoti yamekaza. Chooni tunambeba, Mercy upande huu, mimi upande ule, naye hufumba macho tangu tunapomwinua mpaka tunapomrudisha.

Jana walikuja majirani kumjulia hali. Wakasema Bi Jumwa amebarikiwa, watoto kama hawa siku hizi hawapatikani. Mercy alipowasindikiza nje, nikammiminia mavyaa chai. Akaikataa. Midomo yake ilikuwa imekauka, na ndipo nilipotambua kwamba hata asubuhi hakunywa kitu.

"Mama, kunywa japo kidogo."

"Nikinywa mtanibeba," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikaa pale na birika mkononi.

Mercy alirudi, akamfunika mama yake leso miguuni, akamuuliza kama amekunywa chai.

"Nimekunywa, mwanangu," mavyaa alimjibu. "Nimeshiba."

Nikakichukua kikombe kikiwa bado kimejaa, nikakipeleka jikoni.