Meza ya Kobe

Mwalimu wa darasa la tatu alikwenda semina ya siku mbili, akarudi na mkoba wa turubai, kalamu yenye nembo na elimu isiyomwenea kichwani. Tangu hapo walimu wenzake wakambandika jina la Semina. Yeye alilipokea kama shahada.

Alichojifunza huko ni kwamba watoto hawalingani uelewa, jambo ambalo mama yeyote mwenye watoto wawili angemwambia bure. Basi akagawa darasa meza tatu: Swala kwa wepesi, Punda kwa wa kati, Kobe kwa wazito. Ili kobe wasijisikie vibaya, aliwasimamisha mbele ya wenzao wote na kutangaza kwamba kuwa kobe si aibu.

Haikuwa huruma tu. Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ilikuwa wazi, mkaguzi alikuwa njiani, na mkewe alishawatangazia mashemeji cheo ambacho hakijatolewa.

Kobe walipewa vizibo vya soda vya kuhesabia, udongo wa kufinyanga herufi, na mwalimu mwenyewe, aliyeketi katikati yao akirudia jambo lile lile kwa upole ambao hata wanawe nyumbani hawakuwahi kuuonja. Swala, kwa kuwa Mungu ameshawajalia, walipewa ubao mzima wa kunakili na amri ya kukaa kimya.

Haukupita muda, ugonjwa ukaingia kwa swala. Mjukuu wa mwalimu mkuu, mtoto aliyezoea kumsahihisha mwalimu, akashindwa kujumlisha saba na tano. Akahamishiwa kwa Kobe, akaenda mbio kama anakwenda harusini. Kesho yake wenzake kadhaa wakasahau kusoma. Punda nao wakafuata, mmoja mmoja, kwa adabu. Semina hakushtuka hata kidogo. Alimweleza mwalimu mkuu, kifua mbele, kwamba mbinu mpya inafichua matatizo yaliyojificha miaka yote.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alipoingia alikuta meza ya Kobe imefurika, watoto wanapakatana. Kwenye meza ya Swala alikuwapo binti wa fundi viatu peke yake, ananakili.

Semina akajieleza haraka. Huyo alianzia Kobe, mzito kuliko wote, hata kumi alikuwa haijui. Vizibo vikamfungua macho, ndipo akampandisha.

Mkaguzi akamwinamia mtoto. "Hongera, mwanangu. Unapaonaje hapa?"

"Naomba nirudi kule, mama. Kule mwalimu anafundisha. Huku anaandika tu."

Semina akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole ugenini.

Mkaguzi alimvuta mlangoni. "Mwalimu, kumbe kufundisha unajua, tena sana. Ila unawabania wengine. Mimi natafuta mtu wa kukaa ofisini. Siwezi kulinyang'anya darasa mtu kama wewe."

Cheo akapewa mwalimu wa michezo, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kuwa anafundisha.

Semina aliporudi ndani, binti wa fundi viatu alishahama bila ruhusa na kujibana kati ya wenzake. Semina akaitazama meza ya Swala iliyobaki tupu. Akamwambia aliye karibu na ubao aufute, kisha akavuta kiti katikati yao.