Uzito wa Mtoto wa Kitanda cha Jirani

Ofisini walimwita Bi Mabano, maana lugha ya kompyuta aliyoipenda ilikuwa na mabano mengi kuliko maneno. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mifumo ya hospitali. Asubuhi moja simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto.

"Dada, mashine yenu nusura iniulie mtoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi tisa, kilo nane. Skrini ilimpangia dozi ya mtu wa kilo thelathini na moja. Muuguzi alikwisha kujaza bomba la sindano, akaliona limejaa mno, akaliweka chini.

Bi Mabano akafungua programu na kuanza kuisoma. Hata nusu saa haikwisha, kasoro akaiona. Uzito wa mgonjwa ulihifadhiwa mahali pamoja tu kwa wodi nzima, na kila sehemu ya programu iliruhusiwa kuubadilisha. Alihesabu sehemu kumi na saba. Muuguzi mmoja akifungua faili la mtoto huyu, na mwenzake kwenye kompyuta ya pili akifungua la yule, uzito wa yule uliingia chini ya jina la huyu. Alihisi kama amekuta watu kumi na saba wanachangia mswaki mmoja.

Miezi minane nyuma alishaiandika upya hesabu ile ya dozi kwa mtindo wa kifunksheni. Kila hesabu ilipewa uzito na umri wa mtoto husika, ikatoa dozi, basi. Haikugusa kitu cha mtu mwingine. Ukiipa yaleyale leo na kesho, jibu ni lilelile, kwa hiyo unaweza kuijaribu mpaka roho itulie. Mkuu wa idara aliikataa, akacheka mbele ya watu wote. "Hizo hesabu za chuo. Siku ukiolewa ukaondoka, nani atasoma mabano yako?"

Sasa Mkuu alimwita chumbani kwake, akafunga mlango. Alikuwa anatafuna karanga, na aliongea mdomo ukiwa umejaa.

"Weka sahihi hapa."

Barua ilisema kwamba muuguzi alichagua mgonjwa asiye sahihi.

"Si kweli, Mkuu. Kasoro nimeiona kwa macho yangu."

"Binti, mfumo uko hospitali sita. Unataka tujivue nguo hadharani? Mwezi uliopita walilalamika hivihivi, tukawajibu hivihivi, wakanyamaza."

Chembe ya karanga iliyotafunwa ikaruka na kutua kwenye barua. Akaifuta kwa kidole, ikaacha doa la mafuta juu ya neno "muuguzi". Bi Mabano alitoka bila kuaga, akaenda msalani, akanawa mikono mara mbili.

Aliporudi mezani alitafuta ushahidi kwenye kumbukumbu za mabadiliko, ambako kila badiliko lina jina la aliyeliandika na la aliyelikubali. Lile lililovuruga mambo liliandikwa na Mkuu. Chini yake palikuwa na maneno mawili, "Sawa, ipite," na jina lake yeye Bi Mabano. Siku ile alikuwa amechoka kubishana, anataka kwenda nyumbani. Hata kulisoma hakulisoma.

Kinyaa alichomwonea Mkuu hakikupungua. Ila sasa alijionea kinyaa na yeye mwenyewe.

Aliuchapisha ukurasa ule ulivyo, akaenda hospitali. Wodini, mbele ya daktari mkuu, aliomba kompyuta mbili, akaingiza wagonjwa wawili wa kubuni. Muuguzi akafungua wake wa kilo nane; yeye akafungua wake wa thelathini na moja. Muuguzi alipobonyeza pa kupiga hesabu, skrini yake ikaleta dozi ya kilo thelathini na moja.

"Zimeni!" daktari aling'aka. Papo hapo akazipigia simu zile hospitali tano nyingine.

Muuguzi alikuwa bado anaitazama skrini. "Mwezi uliopita nilisema. Nikapewa barua ya onyo, eti nimechoka. Nimekuwa nikijiuliza kama nina wazimu."

Bi Mabano akampa ule ukurasa. "Na mimi niliipitisha. Jina langu hili hapa."

Muuguzi alisoma mara mbili. Hakumtukana, wala hakumwambia pole. "Basi itengeneze. Na nitakaa hapa nikikuangalia."

Kuiingiza ile hesabu yake ya kifunksheni kulikula siku tisa. Kila dozi ya majaribio muuguzi aliirudia kwa kalamu yake, na zote zikalingana. Barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili la muuguzi. Siku ya kuwasha mfumo, Mkuu alifika amevaa tai mpya, akawaambia wageni, "Mimi tangu zamani ni muumini wa mtindo wa kifunksheni." Wakampigia makofi. Bi Mabano alisikia mate machungu yakimjaa mdomoni. Akatoka nje, akayatema.

Wiki ile ile aliacha kazi. Mkuu yuko palepale, na siku hizi anafundisha wengine mtindo huohuo. Bi Mabano aliajiriwa hospitali. Akipita wodini, muuguzi humsalimu vizuri tu, kisha anaendelea kuihakiki kila dozi kwa mkono. Bi Mabano hajawahi kumwambia aache.