Kumi na Nane kwa Kila Mtu

Msinihubirie kuhusu dakika moja. Nipeni kwanza benchi lenye watu hamsini, wauguzi wawili, na mashine ya presha ambayo haiwaki mpaka ipigwe kofi, halafu tuzungumze.

Mimi ndiye ninayekaa mezani pale dharura. Nampima mgonjwa, namfunga utepe mkononi: mwekundu aingie sasa hivi, kijani asubiri. Presha na joto vina mashine. Pumzi haina. Unatakiwa umtazame mtu kifuani dakika nzima, ukihesabu. Nani ana dakika? Sote tunaandika kumi na nane, hesabu ya mtu mzima mwenye afya. Ukisoma mafaili yetu utadhani mji mzima unapumua kwa mpigo mmoja.

Jumatatu saa nne asubuhi Mama Deki, anayetusafishia sakafu, akamleta mama yake mzazi.

"Dada, mama anasema amechoka tu. Nitazamie."

Presha nzuri, joto si baya. Bibi mwenyewe akanitania, "Mbona umekonda kuliko sisi wagonjwa?" Tukacheka. Nikaandika kumi na nane, nikamfunga kijani. Mama Deki akarudi kwenye ndoo yake, roho imetulia, kwa sababu aliyempima ni mimi.

Saa nane nikamwona bibi ameinamisha kichwa. Nikadhani kasinzia. Jamani! Midomo ilishakuwa ya bluu. Tulimkimbiza ndani, tukamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Wapi!

"Mapafu yalijaa maji," daktari akasema, macho kwenye fomu yangu. "Lakini asubuhi alikuwa anapumua vizuri. Labda ilimjia ghafla."

"Labda," nikajibu. Mungu anisamehe, nilisema labda.

Mama Deki akanishika mikono yote miwili. "Usilie, dada. Ungeona kitu ungeniambia."

Nilitamani ardhi inimeze. Sikumwambia kwamba sikuhesabu, kwa woga tu, wala sina sababu nyingine.

Nikarudi mezani. Mgonjwa aliyefuata nilimhesabia dakika nzima. Wa pili pia. Benchi likaanza kunung'unika: "Dada, umelala?" Wa tatu nilimhesabia, na foleni ikawa imetoka nje ya mlango. Huko nje mtoto akashikwa na degedege kabla sijamfikia, mama yake akawa anapiga mayowe.

Wa nne nilimtazama kifuani pumzi tatu, nikaandika kumi na nane.