Flashi ya Njia ya Ng'ombe

"Imekataa tena," alisema Hildegarda, na wanaume wawili waliokaa kwenye benchi nyuma yake wakatazamana kwanza, ndipo wakamtazama yeye.

Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Kwenye kioo cha kompyuta ulitokea mstari uleule mwekundu: Diski haikufunguka. Haukusema kwa nini. Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe alipotengeneza programu hii, akaupa kazi ya kutangaza kila kosa linaloweza kutokea, kama zahanati inayogawa kidonge kimoja kwa mwenye homa na kwa aliyevunjika mguu. Sasa alikuwa anavuna uvivu wake, tena mbele ya mashahidi.

Kibanda chake cha steshenari kiko Magomeni, Kilosa, kati ya fundi cherehani na muuza vocha. Anachapa barua, anatoa kopi, anajaza fomu za watu kwenye mtandao. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa kompyuta kuukuu na kwa kichwa kigumu. Ndiyo maana kamati ya usuluhishi ya Msowero ilimjia yeye. Wakulima na wafugaji walikuwa wamegombania njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni mpaka fimbo zikatembea, na mwezi Januari wazee sita walirekodiwa wakiitembea njia hiyo na kuonyesha ilipopita zamani. Video zikawekwa kwenye flashi moja. Nakala ya pili pande zote mbili ziliikataa, kwa kuwa kila upande uliamini hiyo ya pili ndiyo itakayochezewa. Flashi ilifungwa ndani ya bahasha ya kaki, ikapigwa sahihi mbili juu ya gundi, ikawa inalala zamu kwa zamu: siku kadhaa kwa katibu wa wakulima, siku kadhaa kwa katibu wa wafugaji. Kazi ya Hildegarda ilikuwa kutengeneza programu itakayoifungua kwenye mkutano, mbele ya wote. Unabonyeza jina la mzee, anatokea anaongea, hakuna zaidi.

Mkutano ulikuwa leo, saa nane mchana. Programu aliijaribu kwa flashi yake mwenyewe na ikafanya kazi vizuri. Hii ya kamati, iliyotolewa kwenye bahasha asubuhi ile mbele ya makatibu wote wawili ili ijaribiwe, ndiyo iliyogoma.

"Binti," alisema Mashauri, katibu wa wafugaji, mtu mrefu aliyehamia na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa miaka kumi na mitano iliyopita. "Mzee wa kwanza kwenye orodha ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Hilo nalijua. Nilitaka ulitamke."

Msowero nzima ilijua kwamba shamba la marehemu baba yake Hildegarda, Mzee Jastin, linapakana na njia ile. Wafugaji walisema mzee aliilima njia kidogo kidogo hadi akaimeza. Mjane wake, Agatha, aliapa kwamba shamba liko pale lilipokuwa siku zote. Mzee mwenyewe alirekodiwa Januari, akafariki Machi, na nyumbani hakumwambia mtu alichokisema. Mama alikuwa amebakiwa na shamba hilo tu. Kila hatua ambayo njia ingeingia ndani ilikuwa mistari ya mahindi yake.

Kwa hiyo Mashauri alimshuku, na Hildegarda hakuweza kumlaumu. Hata yeye alikuwa ameanza kujishuku. Usiku ule aliomaliza programu alikuwa na haraka, au alikuwa na hofu? Mtu anaweza kukosea kwa makusudi bila yeye mwenyewe kujua?

"Naomba nafasi," alisema. "Programu inaficha kosa lenyewe. Nataka ilitaje."

Alifungua maandishi ya programu, akaufuta ule mstari mwekundu, akaiagiza itoe namba ya kosa kama ilivyo. Alitaka kuwatengenezea chai, lakini wote wawili walikataa. Bonifas, katibu wa wakulima, alisema ameshakunywa. Mashauri alisema hanywi chai ya ofisini. Walikuwa wametoka Msowero pamoja kwa pikipiki moja ili asiwepo wa kutangulia.

Namba ya kwanza ilikuwa moja: hakuna ruhusa. Kompyuta haimruhusu kila mtu kuipachikia diski, yaani kuiunganisha ili isomeke. Lazima awe mwenye mamlaka. Akaiendesha programu kwa nywila kuu. Ikaja namba mbili: kitu hakipo. Hapo alicheka kidogo, maana programu ilikuwa inaitafuta flashi kwa jina la tundu alimochomeka ile ya kwake jana, na leo hii kaichomeka upande wa pili. Alirekebisha.

"Unacheka nini?" aliuliza Mashauri.

"Najicheka mwenyewe, mzee."

Kisha ikaja ishirini na mbili, na hiyo haikumchekesha. Namba ishirini na mbili ni kompyuta kusema imeielewa amri lakini haiikubali, bila kueleza zaidi. Alijaribu tena. Ishirini na mbili. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro.

Simu ya Mashauri ililia. Mle ndani mtandao ni wa kubahatisha, akatoka hadi kizingitini, uso ukiwa nje na jicho moja ndani. Bonifas akasogea. Alikuwa rafiki wa baba yake Hildegarda, na sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi.

"Mwanangu, usijitese. Hizi mashine huharibika, kila mtu anajua. Tukisema haikufunguka, wazee watano waliobaki wataitwa watembee upya. Hakuna atakayekulaumu."

Wazee watano waliobaki. Hildegarda aliyarudia maneno hayo moyoni. Watano wangeweza kutembea tena. Aliyekuwa hawezi ni mmoja tu.

"Shikamoo yangu uliipokea asubuhi, baba, sitaki kukuvunjia heshima," alisema taratibu. "Naomba uketi."

Bonifas akarudi kwenye benchi. Hildegarda akakigeukia kioo tena. Kwa nini mtu ambaye hajaiona video aiogope hivyo? Na kwa nini Mashauri, kwa upande wake, amshuku yeye tu, kana kwamba ana uhakika flashi ni nzima?

Alifungua daftari la ndani la kompyuta, lile ambamo mashine hujiandikia yanayoipata bila kuulizwa. Mwishoni kabisa palikuwa na jibu: diski hii haikufungwa vizuri mara ya mwisho, siipachiki kwa kusoma na kuandika mpaka isafishwe. Aliusoma mstari huo mara mbili. Flashi ilichomolewa kwa pupa ikiwa bado inatumika. Lakini tangu Januari ilikuwa ndani ya bahasha.

Kuisafisha kungekuwa kuiandika, na kuiandika mbele ya watu hawa kungekuwa kujitia kitanzi. Palikuwa na njia nyingine. Aliongeza neno moja kwenye amri, neno la kuiambia kompyuta isome tu, isiguse chochote. Mashauri alikuwa amesharudi ndani. Akawaeleza wote wawili: ikifunguka hivi, hakuna awezaye kuongeza wala kupunguza hata nukta, hata yeye.

Ikafunguka.

Majina sita ya wazee yalijipanga kwenye kioo. Chini yake palikuwa na mafaili mawili ambayo hakuna aliyeyategemea, tangazo lilelile mara mbili: Karibu Tena, Steshenari ya Njia Panda, Mikumi. Yako maduka ya namna hiyo. Kila flashi inayopita kwenye kompyuta yao hutoka na tangazo. La kwanza lilikuwa na tarehe ya Jumatatu. La pili la Jumatano.

Jumatatu flashi ilikuwa kwa Bonifas. Jumatano ilikuwa kwa Mashauri.

Hildegarda aliichukua bahasha mezani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Gundi ilikuwa ya rangi mbili. Kila mmoja alikuwa amekwenda mbali, mpaka Mikumi ambako hajulikani, akakaa pengine kwenye kiti kilekile, akatazama, akaichomoa haraka kabla hajaonwa. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu kwa ajili yao, watu wazima wenye wajukuu.

"Nilitaka kuhakikisha wenzetu hawajaichezea," alisema Bonifas akiangalia sakafu.

"Na mimi vilevile," alisema Mashauri. Kisha, kwa sauti ya chini kuliko yote aliyoitoa siku ile, "Samahani, binti. Niliiona inacheza kule. Ilipogoma hapa nikajua ni wewe."

"Kwa hiyo wote mnajua baba alisema nini. Asiyejua ni mimi."

Bonifas alinyoosha mkono kana kwamba anataka kuufunika mshale wa kompyuta. "Hilda. Si lazima uione sasa."

Hildegarda aliligusa jina la kwanza.

Baba yake alitokea akiwa na koti lake la kahawia, amesimama kwenye jiwe la mpaka ambalo mama huapia. Mahindi yalikuwa machanga, yanafika chini ya goti. "Jiwe hili nililileta mimi," alisema kwa sauti kavu ya wiki zake za mwisho. "Njia haikuishia hapa. Nitawaonyesha." Akageuka, akaanza kutembea kuingia shambani kwake, akihesabu hatua kwa sauti, akiinua mguu juu kwenye kila mstari ili asikanyage miche.

Kumi. Kumi na tano. Midomo ya Mashauri ilikuwa inahesabu naye. Bonifas alikuwa amefumba macho.

Ishirini, Hildegarda aliomba. Asimame ishirini. Mama anaweza kuishi na ishirini.

"Ishirini na moja," alisema baba yake, akainua mguu.