Mbeleko ya Turubai

Kwanza walimkataza mtoto kukaa mgongoni. Askari wa mlangoni, Kosgei, kwa jina lililoshonwa kifuani mwake, alimwonyesha Jackie bango: mizigo yote ya mgongoni ibebwe mbele, isije ikagonga vitu vya maonyesho.

"Huyu si mzigo," Jackie akasema.

"Najua, mathe. Lakini walisema kitu yoyote ya mgongo."

Jackie akamteremsha bintiye, akampakata, akajifunga leso kiunoni kwa hasira. Hakutaka ugomvi kabla ya kuona alichokifuata. Alikuja kwenye makumbusho haya mapya ya ubunifu, hapa mjini Nakuru, kuona jina la mama yake limeandikwa, basi. Viti vya miguu mitatu na taa za vibuyu alivipita bila kugeuza shingo.

Mama yake, marehemu Nyakio wa mtaa wa Free Area, alikuwa fundi wa cherehani. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu walipofukuzwa makwao wakalala kwenye mahema, alikata kipande cha turubai akashona mbeleko ya kumbebea Jamleck, kitinda mimba wake. Aliishona kwa mkono, kwa uzi wa gunia. Jackie, akiwa mtoto bado, alimbeba ndugu yake humo mpaka mabega yakamwaka moto.

Miaka mingi baadaye Sally wa makumbusho akaja nyumbani, akakaribishwa chai, akaiomba mbeleko. "Tutaandika jina lako, mama," aliahidi. Bibi wa watu akaitoa kwa moyo mweupe. Hata alipolala kitandani hawezi kugeuka, swali lake lilikuwa lile lile: wameshaniandika? Akafa bila jibu. Binti ambaye Jackie alimzaa baadaye akapewa jina lake, kama ilivyo desturi, na Jackie humwita mami, vile alivyomwita mama yake.

Mbeleko aliipata ndani ya kabati la kioo, imemulikwa taa. Kadi ilisema: Mbeleko ya turubai. Fundi hajulikani. Chini yake, kwa herufi nene: Mkusanyiko wa Sally Chepchirchir.

Damu ilimchemka Jackie. Akaagiza Sally aitwe, na Sally akaja na tabasamu lake.

"Ulikunywa chai kwake," Jackie akamwambia. "Hajulikani vipi?"

Sally akashusha sauti. "Unajua, my dear, wageni wanapenda hivyo. Fundi akikosa jina, inawagusa zaidi. Anakuwa mama yetu sisi wote."

"Si mama yenu. Ni mama yangu na Jamleck."

"Si tuongee ofisini?"

"Tuongee hapa. Andika jina."

Sally akaanza kueleza habari za kadi kuchapishwa Nairobi, za kungoja maonyesho yajayo. Mtoto akaanza kulia. Jackie akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akatoa titi akamnyonyesha. "Ukishaandika nitaondoka," akasema.

Wageni wakajaa. Kila aliyeuliza kuna nini, Jackie alimjibu kwa sauti: hii ilishonwa na Nyakio wa Free Area, na huyu mama anamjua. Uso wa Sally ukabadilika.

"Kosgei, mtoe nje."

Kosgei akaja, akaona, akageuka akatazama ukuta. "Madam, ananyonyesha."

"Nimeona."

"Basi tungoje amalize. Mimi siwezi inua mama akinyonyesha. Nikifika nyumbani nitasema nini?"

Jackie akamhamishia mtoto titi la pili. Hakuwa na haraka yoyote.

Mwishowe Sally alifungua kabati, akatoa kalamu nene, akafuta maneno yale mawili na kuandika: Nyakio, Free Area. Jackie hakumwonea huruma hata kidogo.

Alidhani hasira ingetulia. Haikutulia. Jibu lilikuwa limepatikana, na aliyeuliza yuko kaburini.

Akainuka, akamweka mtoto mgongoni, akafunga leso, akaikaza. Kosgei alilitazama bango lake kule mlangoni, akasogea kando kumpisha. Jackie akalipa kabati mgongo ili mtoto awe karibu na kadi, hata yeye mwenyewe akawa haoni ila mlango, na Sally aliyesimama na kalamu yake mkononi.

"Angalia, mami," akasema. "Wamekuandika."